Tumbusi Wanne Juu ya Mgunga

Iringa, Jumapili, Agosti 1955

Leo nimeandika nisichokiona. Miaka ishirini ya kazi ya gazeti, haijapata kutokea.

Karani anayefuatana na kaka Melkiori kuhesabu ndege kando ya Ruaha anaumwa, nami niliyekuja likizo kutoka Mbeya nikamshikia daftari. Kaka hajui kuandika. Yeye hutazama na kutaja, karani huandika. Asubuhi alitaja korongo watatu, kanga kumi na mmoja. Nilihakikisha, wote walikuwepo.

Saa sita akasimama ghafla. "Tumbusi wanne, juu ya mgunga ule. Wanashuka."

Mbingu ilikuwa tupu.

"Wako wapi, kaka?"

"Mtu wa magazeti wewe, macho umeyasahau Mbeya? Andika!"

Nikaandika.

Chini ya mgunga hapakuwa na mzoga. Kaka alivua kofia, akasimama wima, akataja majina manne polepole. Nayajua. Ni wenzake aliowaacha vitani Burma bila kuwazika.

Kesho Bwana Nyama, mkubwa wa idara ya wanyamapori, atalisoma daftari kwa mara ya kwanza mwaka huu, na palipo na tumbusi wanaoshuka ataulizia mzoga. Akijua kaka anaona ndege wasiokuwepo, atamwachisha kazi, na ni kazi hii tu iliyomtuliza tangu vita.

Nilichukua kalamu niufute mstari ule. Kwanza nikafungua kurasa za nyuma. Tumbusi wanne, mgunga, saa sita: wamo kila Jumapili tangu Machi, kwa mwandiko wa karani.

Sikufuta. Karani yule namfahamu, ni mzee wa kanisa, hata kwa mzaha hasemi uongo. Sijui kama alikuwa akimhurumia kaka, au naye aliwaona.