Mnyama Niliyempelekea Mama

Nizwa, Jumatatu

Kwa kaka yangu Thabit,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta huko Sur salama, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila nyumba ya Tanuf imekuwa kubwa mno tangu mama alipotutoka.

Siku ya hitima uliuliza nani aliyemshawishi mama akubali kupasuliwa moyo, ilhali miezi minane alikataa. Hakuna aliyekujibu, ukaondoka umenuna. Ni mimi.

Unajua kazi yangu chuoni ni kutunza wanyama waliokaushwa. Mwezi ule nilikuwa nabadilisha vibandiko vya armadilo wawili wenye manyoya, wanyama wadogo wa Amerika ya Kusini wenye mikanda migumu mgongoni. Zamani wataalamu waliwahesabu spishi mbili, mmoja wa milimani na mwengine wa tambarare. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni spishi moja. Nikiwa na mmoja mkononi, nikakumbuka kakakuona wa mama.

Mara ngapi alitusimulia! Utotoni kwao Tabora bibi yake alikuwa mahututi, kakakuona akaokotwa porini, bibi akamgusa, akapona. Na macho ya mama yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Astaghfirullah, kaka, nilimfunga yule armadilo katika kanga nikampelekea Tanuf, nikamwambia chuo kimeletewa kakakuona. Wallahi armadilo na kakakuona hata ukoo hawana. Kakakuona yu karibu zaidi na paka. Mama alimpapasa mgongoni, mkanda kwa mkanda, kisha akasema nimwambie daktari amekubali.

Ingekuwa hayo tu, ningekwisha kukwambia. Asubuhi ya operesheni alinishika mkono akaniambia kuwa magamba ya kakakuona hupandana kama vigae, wala hayaoti manyoya katikati. Alijua tangu alipomgusa. Nikamuuliza, nalia, mbona basi amekubali. Akasema hajapata kunisikia nikisema uongo, na ikiwa khofu imenifikisha huko, hakutaka niendelee kuogopa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia turudi nyumbani. Muuguzi alikuwa bado mlangoni. Nikamtengeneza mtandio, nikamwacha aende.

Kwa hiyo wengine usiwanunie. Kila Ijumaa nipo Tanuf. Njoo uniambie usoni lolote ulilonalo, nitakaa nisikilize.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mola akuhifadhi.

Mdogo wako,
Tamima