Jephté Anadhani Siogopi Korongo

Mpendwa Mama Clotilde, naomba unisaidie kabla ya likizo ya Pasaka, maana nina rafiki mmoja tu na naogopa kumpoteza, kwa njia moja ao nyingine.

Nasoma sekondari hapa Goma, mtaa wa Katoyi, sijui kusema mbele ya watu, najua kusoma vitabu tu, na Jephté ndiye aliyekuja kuketi kando yangu bila kunicheka. Likizo ya Noeli alinipeleka kwa bibi yake karibu na Kalengera, tukashuka korongo ambamo mto unaanguka kati ya miamba kutoka dimbwi hadi dimbwi, na kwa kuwa tulikuwa na kamba moja, aliyoizungusha tu kwenye mti kule juu, tulipofika chini ya maporomoko ya kwanza aliivuta ili tuitumie kwa yanayofuata, hapo nikatazama juu nikaelewa kwamba hatuwezi tena kurudi, nikashikilia mwamba, nikataka kumwambia naogopa lakini maji yalikuwa yananguruma na sauti yangu hata darasani haisikiki, basi nikanyamaza, nikashuka. Tulipotokea kwenye mashamba ya maharagwe akaniambia, "Wewe hauogopake kitu." Tangu siku hiyo anamwambia hivyo kila mutu.

Sasa anataka twende kwenye maporomoko makubwa zaidi, na ni wakati wa mvua, na kwa kuwa kamba ni fupi ameunganisha mbili kwa ule mpira wa tairi wanaofungia mizigo kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, anasema kama unashika magunia ya makala ya kupikia mpaka mtaa wa Mabanga, utashindwa kutushika sisi? Nimesoma kwamba mpira huvutika, na fundo lake huteleza likilowa. Nikikataa atajua nilikuwa mwoga siku zote, na labda ataenda peke yake. Nifanye nini?

Tuyisenge

*

Tuyisenge mwanangu, umenieleza yote haya bila kupotea njia, kwa hiyo usiniambie hujui kusema.

Kuogopa si kosa. Kinachonikasirisha ni kwamba umemwacha Jephté ashuke na mutu asiyemjua. Alifikiri ana mwenzake asiyetikisika, kumbe yuko na anayetetemeka. Ungeteleza, angekuwa anatazama upande mwingine. Mule ndani ninyi ni wawili tu, na woga wako ni habari anayohitaji, sawa na urefu wa kamba.

Na huo mpira! Sisi wa Goma tunaufungia kila kitu, hata mlango wa jiko langu. Lakini gunia likianguka barabarani, mwenye chukudu analiokota, anafunga tena, anaendelea. Mama yake Jephté ataokota nini?

Usingoje kumwambia kule, maji yatakushinda tena. Wiki hii, nyumbani kwao, fungeni kamba hiyo kwenye mti, mwagieni maji lile fundo, mvute wote wawili. Atakapokuwa analitazama, mwambie: niliogopa mara ya kwanza, na sasa siendi. Akisema ataenda peke yake, mwambie mama yake siku hiyohiyo, hata akikununia mwaka mzima. Aliyenuna bado unaweza kumwomba msamaha.

Mkitaka korongo, ngojeni kiangazi, na mwenyeji anayelijua, na kamba nzima.

Mara ile ulitaka kusema kamba ikiwa imeshavutwa. Leo bado iko juu. Sema.