Gumba la kushoto

Mudogo wangu Zacharie,

Salamu toka Kalemie, ziwa limechafuka na samaki hakuna. Ile likembe ya kupiga na vidole gumba uliyotengeneza ndani ya telefone, papa yetu anaipiga kila asubuhi. Mwanzo kioo hakikusikia kucha zake ndefu, akakubali kuzikata. Gumba la kuume likalia vizuri, la kushoto likanyamaza. Ukakuza vitufe vya kushoto, ukavisogeza karibu, bure.

Leo nikamupa likembe yake ya mbao. Upande wa kushoto haukulia pia. Papa akacheka, lakini kinywa kikacheka upande moja tu.

Nakuandikia kwenye baraza ya hospitali, ndani wanamupima papa. Yeye bado anasema telefone yako njo inakosea. Akikupigia, umukubalie.

Dada yako,
Evodie