Taa ya Behewa Chumbani kwa Wazazi

Jumatatu, 14 Julai 1975

Twalibu,

Leo nimefungua sanduku lako la kazi. Tangu tukuzike sikuwa nimeligusa. Bado linanuka grisi, na ile sabuni uliyokuwa ukinawia ukitoka kwenye mabehewa. Ndani nimekuta mita yako ya kupimia umeme, koleo, na taa nne za behewa zimeviringishwa kwenye kanga yangu ya zamani. Kumbe ni wewe uliyeichukua! Mimi nikamshuku jirani.

Nimelifungua kwa sababu binti yetu Maua amekaribia kujifungua. Zahanati ya kijiji ina chumba cha wazazi, dirisha lake dogo kama la banda la kuku. Karabai imekufa, soksi zake za utambi hazipatikani dukani. Juzi Paskazia, mkunga wetu, alimshona mzazi kwa mwanga wa chemli. Amesema hataki tena kushona kwa kupapasa. Nikamwambia marehemu mume wangu alikuwa fundi wa taa za treni. Akajibu, basi Bi Mwanne, tuwashie treni.

Jumatano, 16 Julai

Mwenyekiti Lugembe ametupatia betri ya trekta, maana trekta lenyewe linasubiri spea. Nimefunga taa moja. Ikawaka — rangi ya boga. Paskazia kaweka mkono chini yake, kasema vidole anaviona ila hajui ni vya nani.

Lugembe hakukata tamaa. Kasema kijiji hiki tunalima pamoja, tunavuna pamoja. Taa nazo zisaidiane. Akaniambia nizifunge zote nne, moja nyuma ya nyingine, kama wapagazi wa misafara waliopita hapa zamani. Nikafunga. Zote kimya! Wazee wakacheka, na Lugembe mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Kasema hizi taa hazina siasa, kila moja inamtegea mwenzake.

Ijumaa, 18 Julai

Mwalimu Kornel, anayetufundisha kisomo cha watu wazima, kasema tuache kubahatisha, tupige hesabu. Nikaogopa. Kumbe ni kugawanya na kuzidisha tu. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Volti ukigawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani wa taa. Volti ukizidisha kwa ampea unapata wati, ndiyo nguvu yake.

Kwenye kitako cha taa pameandikwa volti 24, wati 24. Basi inataka ampea moja, na ukinzani wake ni omu 24. Betri ya trekta ni volti 12. Nikasema nusu ya msukumo, nusu ya nguvu. Kornel kaniambia, piga kwanza, mama. 12 gawanya kwa 24, nusu ampea. 12 mara nusu — wati sita! Nusu ya volti, robo ya nguvu, maana ampea nazo zimepungua. Ndiyo rangi ya boga hiyo.

Halafu nikaweka mita yako. Haikusoma nusu, ilisoma sifuri nukta sita. 12 gawanya kwa nukta sita ni 20, si 24. Nikaona haya, nikajua nimekosea. Kornel akasema sikukosea. Uzi wa taa ukiwa na moto kidogo, ukinzani ni mdogo. Ukiwaka sawasawa ndipo unapanda. Ulikuwa ukirudi jioni unasema leo taa zimenisumbua, nami nakupa chai. Leo ningekuuliza, zimekusumbua vipi?

Dawa yake: betri mbili, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. 12 na 12 ni 24. Zile taa nne mstarini ziligawana 12, kila moja ikapata volti tatu tu. Kwa hiyo wanaosaidiana kwenye mstari ni betri, si taa. Lugembe amefurahi, siasa yake imepona.

Jumapili, 20 Julai

Anton, dereva wa lori la ushirika, amekuja kuchukua tumbaku. Nikamwomba betri yake, nayo ni ya volti 12. Kasema, mama, lori bila betri ni kibanda. Lugembe akamwahidi kijiji kizima kitalisukuma hadi liwake. Akacheka, akatoa, lakini mwisho kesho jioni. Tumbaku lazima ifike ghalani Tabora.

Tukafunga. Weupe! Paskazia katunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba mtoto ameshazaliwa. Maua akapita mlangoni kwa ubavu, kasema anayestahili kusukumwa ni yeye, si lori. Tulicheka sana. Mtoto wako ana mdomo wako.

Jumatatu, 21 Julai

Uchungu ulianza adhuhuri. Sasa ni magharibi. Nimekaa kwenye kizingiti, mwanga wa mlangoni unatosha kuandikia. Nimepima: ampea moja. Taa inameza wati zake zote 24.

Tumbaku imeshapakiwa. Anton amekuja kusimama hapa, akaondoka, amerudi. Anazungusha kofia mkononi. Akichukua betri yake, tunarudi kwenye rangi ya boga. Lugembe anamsihi. Paskazia katoa kichwa, sauti ya taratibu kabisa: dereva, huyu mtoto ametanguliza miguu. Wa hivyo nimewazalisha, lakini lazima nione ninachoshika.

Anton kavaa kofia yake. Kaenda kukaa kwenye ngazi ya lori. Nimemsikia akimwambia Lugembe, ghala likifungwa nitalala na tumbaku yenu, ila ugali uwe na kuku. Waliokuja kusukuma nao wamekaa chini kando ya magurudumu. Wanabishana jogoo wa nani achinjwe.

Maua ananiita. Si kwa kilio — ananiita kama zamani akitaka kubebwa. Paskazia kasema nawa mikono uje, umshike mgongo.

Naingia, Twalibu. Mkumbuke binti yako saa hii. Na mimi unikumbuke.