Kiganja Changu Kilidanganya

Anjela mwanangu,

Acha ujinga. Kunikasirikia mimi ni haki yako, lakini kumficha mtoto huko Mpui ni upumbavu. Yule mama anayekuja kununua maharage kwenu kaniambia Rozi ana jipu shingoni, na anacheza tu, hana homa. Niliposikia hilo la kukosa homa, jembe lilinidondoka.

Unakumbuka asubuhi ile dada yake, Tekla, alipojilaza jikoni hataki uji? Ulishajifunga kitenge umpeleke hospitali. Nikaweka kiganja kwenye paji lake la uso, kama nilivyokuwekea wewe na wenzako sita, nikasema, "Mbona hana joto? Mvivu tu huyu, anakwepa kupepeta ulezi." Ukacheka, ukakivua kitenge. Siku ya nne tulimzika. Hospitali, tulikomfikisha tumechelewa, walisema vijidudu vilishafika kwenye ubongo.

Tangu hapo kiganja hiki hakipati moto. Nakipasha joto mekoni, nakifunga nguo, bado nalisikia paji lile lilivyopoa. Nikisonga ugali, lipo. Nikisali, lipo.

Basi nimekwenda hospitali mjini na kadi ya Tekla. Daktari mwenyewe kabinti, kaniamkia, kanieleza taratibu kama vile mimi nimeishiwa akili. Mwili, anasema, huzaliwa na walinzi kwenye chembe zake, wanaitwa vipokezi vya Toll. Hawafundishwi na mtu. Kijidudu kikiingia wanakijua kwa ganda lake, wanapiga yowe, mwili unawasha moto. Ndiyo homa. Ila wapo watoto, wachache sana, walinzi wanaona lakini yowe halifiki. Mtoto anaoza ndani, nje amepoa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo niligusa vibaya?"

"Uligusa sawa, bibi. Mwili ndio uliokaa kimya."

Kama Tekla alikuwa hivyo, hana hakika, kwake tumechelewa. Lakini jambo hili hurithiwa, Rozi anaweza kuwa nalo. Damu yake itapimwa, na dawa ya kumkinga ipo.

Mimi nilikosea. Nimeandika mara moja, usitegemee nirudie. Ukifika utanitukana mpaka uchoke.

Sasa mbebe Rozi, panda gari la kwanza, mpeleke hospitali. Mimi nitakuwa langoni na kadi ya dada yake. Na mtu yeyote akikuambia mtoto hana joto, hata nikiwa mimi, usimrudishe nyumbani.

Mama yako,
bibi yake Tekla