Kigae cha Kopo la Tumbaku

Jumatatu, 4 Machi

Baba anakuja Jumapili! Hakumpigia Mama, alimpigia Mjomba. Eti anapita kuchukua vitu vyake. Mama alikuwa anapiga pasi, hata kichwa hakuinua. Akasema aje tu, sanduku lake liko juu ya kabati. Na viatu asijisumbue kuvua, hakai.

Vitu vyake! Mwaka na nusu hatujamwona, halafu vitu.

Mama alipotoka nimelishusha sanduku. Mashati, redio mbovu, kiko, kopo la tumbaku. Nimelifungua nikaingiza pua nzima. Hakuna kitu. Nilitarajia ile harufu – asali iliyoungua kidogo, koti lake siku ya mvua. Tumbaku imekauka, ukiigusa inakuwa unga. Juu yake kulikuwa na kipande cha kigae, kama cha chungu kilichovunjika. Uchafu. Nimekitupa.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza kipindi kizima cha hesabu. Mtu havuti kiko amesimama mlangoni. Kiko ni cha kukaa. Baba alikuwa anakijaza taratibu, anashindilia kwa kidole, anawasha, kinazima, anawasha tena, na katikati ananiuliza nimesoma nini. Nilimsimulia sura nzima ya kitabu kabla kiko hakijaisha.

Lakini tumbaku kavu inaungua upesi na kuuma ulimi, mwenyewe alikuwa akilalamika. Lazima ilainike kabla ya Jumapili.

Nimenyunyiza maji. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Ya juu imekuwa tope, ya chini bado unga. Na kuna kitu cheupe kama pamba – ukungu!

Mjomba amenikuta nimeinamia kopo.

"He! Mpwa wangu, siku hizi unafuga uyoga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ameniambia tumbaku haimwagiwi maji, inavuta unyevu wa hewani. Niitandaze kwenye bakuli, nifunike kwa kitambaa kibichi kisichoigusa, niigeuze mara kwa mara.

"Na kigae chake kiko wapi?"

Kigae gani? Kumbe Baba alikuwa anakilowesha, anakifuta, anakirudisha chini ya kifuniko. Kinatoa unyevu polepole. Hicho hicho nilichokitupa! Na takataka zilishachukuliwa.

"Msomi wetu!" Mjomba amecheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nimeondoa iliyooza. Imebaki kama ya kujaza kiko mara mbili, tatu.

Jumamosi, 9 Machi

Bakuli liko chini ya kitanda. Inalainika! Nikiibana inashikana, nikiiachia inafunguka yenyewe. Ila harufu bado iko mbali, kama mtu anayeongea chumba cha tatu.

Mama aliingia kuchukua shuka. Akasimama ghafla. Akavuta hewa puani.

"Nini kinanuka humu?"

Nikasema viatu vya shule. Akanitazama weee, mpaka nikaangalia chini. Akasema basi nivianike. Lakini hakutoka upesi.

Jumapili, 10 Machi

Nimerudi kutoka kuoga – bakuli halipo! Nimepekua chumba kizima. Mwisho nimeliona kopo, liko mezani sebuleni, limefungwa vizuri. Nimelifungua. Tumbaku imo, laini. Juu yake kuna kigae. Si kile. Hiki kipya, chekundu, kina unyevu.

Na harufu! Yote imerudi, yote!

Chungu cha maua cha Mama dirishani jikoni hakina ukingo upande mmoja. Udongo umemwagika kwenye sinki. Chungu ambacho Mjomba haruhusiwi hata kukisogeza.

Mjomba amekiona pia. "Dada, chungu chako –"

"Kimeanguka."

Mjomba amenikonyeza. Mama anafuta meza ambayo ameshaifuta. Lakini sanduku la Baba ameliweka mlangoni, limefungwa kamba, tayari kubebwa. Sasa nishike lipi? Sitaki kuuliza. Nikiuliza anaweza kukiondoa kigae.

Hodi. Ni yeye! Sauti ile ile, ila imepungua kidogo. Mjomba amejifanya hasikii. Kiko nimekiweka karibu na kopo, kisha nimekiondoa, kisha nimekirudisha. Inabidi nikafungue mimi –

Mama ameniita kutoka jikoni, taratibu, kama hataki kusikika nje:

"Mwambie avue viatu."