Wako Kwangu, Wangu Kwako

Jumapili ya Matawi, 8 Aprili 1979

Redio ya Wani, fundi baiskeli, inasema vita vimefika karibu kabisa na Kampala. Kanisa lilijaa mpaka nje. Kila mtu hapa Juba ana mtu wake kule Uganda. Mimi nina Yangi — mwanangu wa pekee, na amevaa sare za jeshi hilo hilo linalopigwa. Tuliporudi kutoka uhamishoni, mwaka wa sabini na mbili, yeye alibaki. Alisema, huku Uganda wananipa buti na mshahara, Juba kuna nini? Nikamjibu, kuna mama yako. Akacheka!

Jioni jirani yangu Teresina alivuka uzio na rozari yake, tukabebeana watoto kwa sala kama kawaida. Mimi nikamwombea Lemi wake, yeye akamwombea Yangi wangu. Katekista Severino ndiye aliyetufundisha hivyo kambini kule uhamishoni. Mama kumwombea mwanawe, alisema, hata kuku angefanya kama angejua maneno. Mkristo humwombea wa mwenzake. Basi kila mama akatoa mtoto wake, akachukua wa jirani. Wengine waliacha zamani. Sisi wawili hatujaacha. Miaka kumi na moja sijamtaja Yangi mbele ya Mungu, ni Lemi tu — surua ya Lemi, hesabu za Lemi, sasa chuo cha ualimu huko Kampala. Leo nimemwombea mtihani wa mwisho. Magoti yangu yanamjua mtoto yule.

Alhamisi Kuu, 12 Aprili

Kampala imeanguka. Rais amekimbia, askari wake wanakimbilia kaskazini.

Sokoni Konyokonyo wengine walicheka, wengine walinyamaza. Susan wa vitambaa alisema askari wale wavune walichopanda. Alisema huku anapima khanga, hakunitazama. Nilikata gauni la mteja vibaya, bega moja likawa fupi. Hasara yangu.

Teresina alikuja kunishika mkono. Akaniambia nisiogope, Yangi yuko naye katika sala. Huyu ndiye rafiki.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Lemi amekufa.

Cirillo, yule mwuza chumvi, ametoka Uganda leo asubuhi kwa lori. Alikwenda moja kwa moja kwa Teresina. Askari wa Rais waliingia chuoni mwezi wa tatu, wakawatoa vijana bwenini. Lemi alionekana kesho yake kando ya barabara. Cirillo mwenyewe alisaidia kumzika.

Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia yowe. Nililijua kabla sijasimama.

Mwezi wa tatu! Jumapili nilikuwa nimepiga magoti nikimwomba Mungu ampe utulivu katika mtihani. Mungu alinisikiliza mpaka mwisho wala hakuniambia.

Saa tisa kanisani, yale maombi marefu ya Ijumaa Kuu. Padri Marino akaomba kwa ajili ya Papa, ya watawala, ya Wayahudi, ya wasiomwamini Mungu. Kila mmoja na sala yake. Nikangoja kama watatajwa askari walioshindwa. Hawakutajwa. Halafu nikaona aibu — mwenzangu kafiwa, mimi nangojea wangu atajwe.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Nimepika matangani siku tatu, na Teresina hakunitazama. Leo ameniita pembeni, mbele ya chungu cha uji. Nilidhani anataka kulia.

“Mama Yangi,” akasema, “mimi nimebeba mtoto yako miaka mingi. Sasa mikono imekataa. Chukua yeye. Kalas, imekwisha.”

Nikamwambia siye Yangi aliyemuua Lemi. Walikua pamoja, walinyonya matiti yetu bila kuchagua.

“Wewe unajua?” akaniuliza.

Sijui. Ningesema najua! Nikachukua kijiko nikakoroga uji.

Jumatano, 18 Aprili

Nimejaribu kumwombea mwenyewe. Siwezi. Nikifungua mdomo linatoka jina la Lemi. Ee Bwana umlinde Le— halafu nakumbuka. Nikimtaja Yangi, sauti yangu inakuwa ya mtu anayeomba punguzo sokoni. Kumbe Severino alikuwa na maana yake.

Na nimwombee nini? Apone? Na kama mikono yake ni ile iliyomtoa Lemi bwenini? Namuona mdogo, anakimbia na Lemi, suruali imewashuka wote wawili. Nalia kama mjinga juu ya nguo za watu.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimezunguka nikitafuta mtu wa kumbeba Yangi. Susan alisema ana wengi tayari. Mke wa Wani alisema atamwuliza mumewe, kana kwamba naazima baiskeli. Padri Marino, mwema, aliniahidi kumtia katika misa ya askari wote.

Yangi si wote. Ana kovu chini ya kidevu. Anaogopa nyuki.

Jumapili, 22 Aprili

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waongo! Wa Teresina ndio unaonivunja mgongo. Yeye alinirudishia wangu, lakini wake hakuudai, nami sijui pa kuutua. Basi naendelea. Zamani mtihani wa Lemi, sasa roho yake: umpe raha ya milele. Teresina hajui. Naye akijua, sijui kama atashukuru au atanitemea mate.

Jumamosi, 28 Aprili

Yuko hapa.

Amefika mchana na lori la mbao kutoka Kaya, mpakani. Hana buti wala sare, amevaa shati la mwanamke. Mguu umeoza chini ya goti. Nilimtambua kwa kovu. Nimemficha chumba cha ndani, nimemuosha kama mtoto mchanga. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikauma khanga yangu nisipige kigelegele — uzio ni wa nyasi, na nyumba ya pili bado ina msiba.

Hakuna aliyemwombea wiki mbili hizi. Amefika hivyo hivyo.

Jumatatu, 30 Aprili

Homa imeshuka kidogo. Amekunywa uji. Asubuhi hii Teresina alikuwa anatwanga upande wa pili, akamkemea kuku. Yangi akafungua macho.

“Mama, huyo ni Mama Lemi?”

Nikamwambia ndiye. Nikamwambia alale.

“Ita yeye. Mimi iko na maneno ya Lemi.”

Nikamwuliza maneno gani. Nilitaka aseme amesikia kwa watu tu, yeye hakuwapo.

“Si ya wewe, Mama. Ya yeye.”

Kisha akageukia ukuta, akaanza kulia kwa sauti. Sikumzuia. Nilikaa kizingitini, na daftari hili magotini, nikimsikiliza.

Mchi umenyamaza.

“Mama Yangi?” Ni Teresina. Tangu Pasaka hajanitamkia neno. “Mama Yangi, nani analia huko kwako?”

Nasikia nyasi za uzio zinasogezwa. Anavuka.